Nahodha Mpya Apewe Msimu Wake



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, mama zetu na dada zetu, wiki hii tutapita mahali ambapo safu hii haina mazoea ya kupita, napo ni kwenye kiwanja cha mpira cha mji wa Milano, nchini Italia. Msishangae. Wana wetu wayajua majina ya makocha wa huko kama wayajuavyo majina ya wajomba zao, na katika habari za makocha hao mna funzo ambalo familia zetu hapa Kitengela na kule Kajiado zinalihitaji sasa, si mwakani.

Haja yenyewe ni hii. Katika madrasa moja ya mtaani kwetu, ustadh mpya alianza kazi Mfunguo Mosi, baada ya Idi. Ustadh aliyetangulia alisomesha miaka saba, kisha akarejea kwao Pwani kuwauguza wazee wake, Mola amlipe kheri. Tangu aje huyu mpya, miezi mitatu haijatimia, na tayari wapo wazazi wasemao aondoke. Baadhi yao wameshawatoa watoto wao. Kikao cha kuamua kimewekwa Jumapili ijayo baada ya sala ya Adhuhuri. Lawama kubwa ni kwamba watoto waliokuwa wamefika juzuu ya pili na ya tatu amewarudisha kwenye matamshi ya herufi, wakae wiki nzima juu ya haa na khaa. "Amewarudisha nyuma watoto wetu," ndiyo kauli inayopita kutoka jiko hadi jiko.

Kwa walioko Mombasa, Malindi au Lamu, jambo hili laweza kuonekana dogo. Huko mtoto akitoka chuo hiki, huingia kile cha mtaa wa pili. Huku kwetu sivyo. Sisi tuliopanda bara kufuata kazi za viwanda vya Athi River, biashara na ualimu, twaishi katika mji uliokua haraka kuliko misikiti yake. Madrasa ni za kuhesabu, mishahara ni midogo, na mwalimu anayekubali kuyaacha mahamri na upepo wa bahari aje kuishi na vumbi na baridi ya nyanda hizi hapatikani kila siku. Wenzetu wa Kajiado mjini, mbele ya Isinya kwenye barabara hii hii iendayo Namanga, wametusimulia jinsi walivyomwondoa mwalimu kwa haraka, kisha wakakaa miezi mingi bila mwingine. Watoto wakasahau hata kile walichokuwa nacho.

Sasa twendeni Milano.

Mwezi wa Mei mwaka 2010, klabu ya Inter ilifanya jambo ambalo hakuna klabu ya Italia iliyokuwa imelifanya kabla yake. Katika msimu mmoja ilitwaa ubingwa wa ligi, Kombe la Italia na Kombe la Klabu Bingwa barani Ulaya. Fainali ilichezwa Madrid tarehe 22 Mei, na Inter ikaishinda Bayern Munich mabao 2 kwa 0, yote mawili yakifungwa na Diego Milito. Kenya nzima ilikuwa na sababu ya kutazama, kwa kuwa kwenye benchi la akiba la Inter alikaa kijana wa Nairobi, McDonald Mariga, aliyekuwa amesajiliwa kutoka Parma mapema mwaka huo. Hakuingia uwanjani usiku ule, lakini medali aliipata. Vijana wengi wa Kitengela waliokuwa wadogo wakati huo wangali wanalisimulia jambo hilo kama harusi ya nyumbani.

Kocha wa timu hiyo alikuwa José Mourinho, Mreno. Mara baada ya fainali akaondoka kwenda Real Madrid. Mahali pake akaja Rafael Benítez, Mhispania, mtu ambaye hakuwa mgeni wa makombe, maana mwaka 2005 aliiongoza Liverpool kutwaa kombe lile lile la Ulaya. Lakini hebu tuangalie alikabidhiwa nini. Alikabidhiwa wachezaji waliokwisha kupata kila walichokitamani, wengi wao wakiwa na umri mkubwa na miili iliyochoka. Alikabidhiwa pia mashabiki ambao kila wakimtazama, walikuwa wakimwona mwingine.

Mwezi wa Agosti mambo yalianza kwa nuru na kiza kwa pamoja. Inter iliifunga Roma 3 kwa 1 na kutwaa Kombe la Supa la Italia, kisha siku chache baadaye ikafungwa na Atlético Madrid 2 kwa 0 katika Kombe la Supa la Ulaya. Vuli ilipoingia, majeruhi wakaongezeka. Milito akaumia, beki Walter Samuel akapata jeraha baya la goti, na wengine wakafuata. Mwezi wa Novemba Inter ikafungwa na watani wao AC Milan, na maneno yakawa mengi. Kila mechi iliyopotea ilipimwa kwa kipimo kimoja tu: yule wa zamani asingeipoteza.

Desemba ikawapeleka Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu, na hapa kisa kinatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili kwa upande mwingine. Waliokutana na Inter katika fainali hawakuwa Wabrazil kama wengi walivyotarajia. Walikuwa TP Mazembe wa Lubumbashi, mji wa Kongo ambao Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya nyumba. Mazembe, wakiongozwa na kocha Lamine N'Diaye wa Senegal, walikuwa wamewatoa Pachuca wa Meksiko kwa bao 1 kwa 0 na Internacional wa Brazil kwa 2 kwa 0. Ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kuifikia fainali hiyo. Mlinda lango wao, Robert Kidiaba, alishangilia kwa kuketi chini na kurukaruka akiwa ameketi, na watoto wa Afrika Mashariki yote wakamwiga mpaka suruali zikatoboka. Tarehe 18 Desemba 2010 Inter ikashinda 3 kwa 0. Benítez akawa bingwa wa dunia.

Siku tano baadaye hakuwa na kazi. Baada ya fainali alisema hadharani kwamba anataka uongozi umuunge mkono na umnunulie wachezaji, na tarehe 23 Desemba ikatangazwa kwamba yeye na klabu wameachana. Kesho yake akateuliwa Leonardo, Mbrazil, ambaye msimu uliotangulia alikuwa kocha wa watani wao, AC Milan. Leonardo aliiinua timu, tusimnyime haki yake. Inter ilimaliza msimu katika nafasi ya pili ya ligi na kutwaa Kombe la Italia tarehe 29 Mei 2011. Lakini katika Kombe la Ulaya ilifungwa na Schalke 5 kwa 2 pale pale nyumbani kwake, na ubingwa wa ligi ukaenda kwa Milan, iliyokuwa chini ya kocha mpya Massimiliano Allegri. Msimu ulipokwisha, Leonardo naye akaondoka.

Akaja Gian Piero Gasperini. Huyu alipewa mechi tano tu. Hakushinda hata moja, na mwezi wa Septemba 2011 akafukuzwa. Baada yake wakapita wengine na wengine. Tangu kombe lile la Mei 2011, Inter haikugusa kombe kubwa tena mpaka Mei 2021, ilipotwaa ubingwa wa ligi chini ya Antonio Conte. Katika miaka hiyo kumi makocha tisa walikabidhiwa timu, bila kuwahesabu wa kushikilia kwa muda. Hatusemi kwamba kubadilisha makocha ndiko kulikoleta ukame wote huo. Wachezaji walizeeka, na klabu yenyewe ikabadili wenyewe. Hata hivyo wahenga wa Pwani walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama, na nadhani walikuwa wamekiona chombo chenyewe.

Lililotufanya tuandike haya si kufukuzwa kwa Gasperini. Ni yale yaliyofuata. Mwaka 2016 alichukuliwa na Atalanta, klabu ya mji wa Bergamo, ambao kutoka Milano ni mwendo usiozidi sana ule wa kutoka hapa Kitengela hadi Kajiado mjini. Alianza vibaya pia. Katika mechi tano za kwanza za ligi alipoteza nne. Alikuwa anawafundisha wachezaji namna ngeni ya kucheza, kila mmoja amfuate mpinzani wake kiwanja kizima, na mwenye kujifunza jambo jipya huanza kwa kujikwaa. Tofauti ni kwamba uongozi wa Atalanta, chini ya rais wake Antonio Percassi, haukumfukuza. Gasperini akaingiza vijana waliolelewa na klabu yenyewe, na msimu ule ule Atalanta ikamaliza katika nafasi ya nne. Alikaa hapo miaka, akaifikisha klabu ndogo ya mkoani kwenye Kombe la Klabu Bingwa, na mwezi wa Mei 2024 akaipa Kombe la Ligi ya Europa kwa kuifunga Bayer Leverkusen 3 kwa 0. Mtu ni yule yule na elimu yake ni ile ile. Mji mmoja ulimpima kwa mechi tano, mji wa pili ukampa msimu.

Na yule Mourinho aliyekuwa kipimo cha wote, je, alianzaje? Msimu wake wa kwanza Inter, wa 2008 hadi 2009, alishinda ligi, lakini katika Kombe la Ulaya alitolewa na Manchester United katika hatua ya kumi na sita bora. Kombe watu wanalomkumbukia alilileta katika msimu wa pili. Conte naye alitwaa ubingwa katika msimu wake wa pili. Waliomhukumu Benítez kabla ya mwaka kwisha hawakuwa wanalinganisha mwanzo na mwanzo. Walilinganisha mwanzo wa mmoja na mwisho wa mwenzake.

Hapa ndipo tulipokuwa tukija, wazazi wenzetu. Ustadh aliyetuaga alikuwa na miaka saba. Tunayemkumbuka ni yule wa mwaka wa saba, aliyejua kila mtoto analala saa ngapi na mama gani huchelewesha ada. Wachache wetu waliokuwapo mwaka wake wa kwanza wanajua kwamba naye alilaumiwa: sauti yake ni kali, anatoa likizo ndefu, hakufundisha kaswida za Maulidi kama yule wa kabla yake. Tukimpima huyu wa miezi mitatu kwa kipimo cha miaka saba, hata malaika hatafaulu.

Dini yetu imetuachia kisa kinacholingana na hili. Khalid bin Walid (R.A.) alikuwa amiri jeshi asiyejua kushindwa, na watu wakaanza kuona kwamba palipo na Khalid ndipo palipo na ushindi. Sayyidna Umar (R.A.) aliposhika ukhalifa alimwondoa katika uamiri, na wanazuoni wanaeleza kwamba miongoni mwa sababu zake ni kuchelea watu wasije wakautegemea upanga wa mtu mmoja wakasahau kwamba nusura hutoka kwa Mwenyezi Mungu. Uongozi akapewa Abu Ubayda bin al-Jarrah (R.A.), na Khalid hakuasi wala hakususa. Aliendelea kupigana chini ya amiri mpya. Askari nao hawakugawanyika wakasema hawamtaki huyu, wanamtaka yule. Mafunzo ni mawili. La kwanza, baraka ya kazi haifungwi kwenye jina la mtu. La pili, kiongozi mpya hufanikiwa pale waliomzoea wa zamani wanapokubali kusimama nyuma yake.

Basi katika kikao cha Jumapili tungeomba yaulizwe maswali haya kabla ya kupiga kura.

Kwanza, alikabidhiwa nini? Darasa la watoto wangapi, wa umri gani, na nani kati yao alikuwa akisoma kwa kweli na nani alikuwa akifuata sauti ya mwenzake? Mtoto aliyehifadhi juzuu mbili ilhali herufi zake hazitoki mahali pake amejengewa ghorofa juu ya mchanga. Kumrudisha kwenye msingi si kumrudisha nyuma.

Pili, sisi tumempa nini? Benítez aliomba msaada akaonyeshwa mlango. Ustadh wetu ameomba ubao mpya na misahafu ya kutosha tangu wiki ya kwanza. Ni haki kumdai mavuno mtu tuliyemnyima jembe?

Tatu, nani amezungumza naye? Malalamiko yote tuliyoyasikia yamesemwa kwenye ngazi za ploti, kwenye foleni ya maji na kwenye vikundi vya simu. Mwenyewe ameambiwa na wangapi? Nasaha hupewa mtu usoni pake kwa staha. Yanayosemwa nyuma ya mgongo wake twajua yote yanaitwaje.

Nne, tukimwondoa, ni nani anayengoja mlangoni? Wenzetu wa Kajiado wanaweza kutujibia hilo.

Tusieleweke vibaya. Yapo makosa ambayo hayangojewi msimu. Mwalimu akimpiga mtoto, akimdhalilisha, akimgusa isivyostahili, au akila mali ya madrasa, huyo haondolewi Jumapili ijayo. Huondolewa siku hiyo hiyo, na mamlaka zikaarifiwa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na mtoto wa madrasa ni mtu kama wa shule. Subira tunayoihimiza ni ya mwalimu anayejitahidi kwa njia tusiyoizoea. Anayedhuru hana subira kwetu. Akina mama, ninyi ndio mnaowavua watoto nguo za madrasa jioni. Ulizeni, na sikilizeni majibu yao, kisha mtofautishe "amenikalisha kwenye herufi" na "ananitisha".

Na kwa kuwa tumeutaja mpira, tuseme neno kwa vijana wetu. Kutazama kandanda kwa kiasi hatukukatazi. Lakini mechi za Ulaya zinazochezwa usiku zisiwe sababu ya Alfajiri kupita, na zile karata za kubahatisha matokeo kwenye simu ni kamari, hata ikiwa ni shilingi ishirini. Anayejua majina ya makocha wote tisa wa Inter ajue pia jina la mwalimu wake wa Qur'ani.

Hata ndani ya nyumba zetu funzo hili lina kazi. Yupo mama aliyeolewa kwa mjane mwenye watoto, na kila akipika wali wa nazi huambiwa kwamba marehemu alikuwa akiupika hivi. Marehemu, Mola amrehemu, alikuwa na miaka kumi jikoni humo. Huyu ana mwezi wa pili. Shangazi na mabibi, msaidieni kwa kunyamaza. Watoto watamkumbuka mama yao na wana haki hiyo, lakini msiwafundishe kwamba kumpenda aliyekuja ni kumsaliti aliyekwenda.

Zamani majahazi yetu yalipokabidhiwa nahodha mpya, hakuna tajiri aliyemhukumu kwa wimbi la kwanza la kutoka bandarini. Alingoja aende na kaskazi, arudi na kusi, ndipo akahesabu. Rai yetu kwa kikao cha Jumapili ni hiyo hiyo: ustadh apewe mpaka Shaaban, madrasa itakapofunga kwa ajili ya Ramadhani. Siku hiyo watoto wasikilizwe mbele ya wazazi wote, herufi kwa herufi na aya kwa aya, na hukumu itolewe kwa kile masikio yetu yatakachosikia. Kabla ya hapo, ubao na misahafu inunuliwe, na waliotolewa watoto warudishwe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awalipe kheri waliotusomeshea watoto wetu na wakaenda zao, awape nguvu waliokuja baada yao, na atujaalie tuwe wazazi wanaojua kungoja panapostahili kungojwa na kuchukua hatua panapostahili hatua. Amin.